Mdomo Ulifungwa, Sauti Ikaendelea

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, saa kumi na moja na robo jioni. Hapo ndipo kila kitu kiliharibika.

Kabla ya saa hiyo nilikuwa mgane kama wagane wengine. Baada ya hapo nikawa mgane anayefuatwa na sauti ya mke wake.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Primus. Shule niliishia la saba. Nimepiga gitaa la besi miaka ishirini na miwili kwenye nyimbo za watu wengine, na jina langu halijaandikwa popote. Nikafungua studio yangu Majengo, hapa Moshi. Halafu wakubwa wa televisheni wakanitoa huko, wakanivalisha koti, wakaniketisha kwenye kiti cha ujaji wa shindano la kuimba, Koo la Dhahabu. Kazi yangu ikawa kuwaambia watoto wa watu kwamba hawana pumzi.

Mke wangu Mektrida alikuwa anaitikia kwenye nyimbo hizo hizo nilizopiga besi. Naye hakuandikwa. Agosti 2021 alipasuliwa uvimbe kooni, sauti ikakatika. Miezi saba hakusema neno, amelazwa wodini hapa Moshi, anaandika kwenye daftari. Tarehe 7 Machi 2022 akafa, na mimi niko Dar es Salaam kwenye kiti, kwa sababu mkurugenzi wa kipindi, Ronald, aliniambia onesho la mubashara haliachwi kwa ajili ya mgonjwa. Nilimkuta Mektrida mochwari. Hayo niliyamaliza wiki iliyopita, na sitaki kuyarudia.

Leo naungama.

Mwaka huu wakubwa waliweka sheria mpya. Washiriki wakibaki wanne, kila jaji achukue mmoja, ampikie wimbo mpya. Mimi nikapewa binti wa miaka kumi na tisa, Blessing, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule TPC. Sauti nzuri, lakini nyembamba. Ukiiweka peke yake kwenye spika kubwa inapotea.

Nilihangaika wiki nzima. Sina wimbo. Ronald anapiga simu asubuhi na mchana.

"Braza Primus, wimbo uko wapi? Usinizingue bana, matangazo yameshalipiwa."

Siku moja nikaanza kufukua kompyuta ya studio. Nikakuta folda moja haina jina. Ndani faili moja. Nikafungua.

Mektrida.

Anaimba peke yake, bila gitaa, bila ngoma. "Mama usifunge mlango, nitapita kwenu." Sauti iko chini, ina mkwaruzo mwishoni mwa kila mstari, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Sijawahi kumsikia akiimba hivyo. Nikajisemea hii ni hisia. Nikajisemea ni ya zamani, ya kabla ya kupasuliwa, ataimbaje mtu asiye na sauti?

Nililia. Halafu, ndugu zangu, nikafuta machozi nikafanya kazi.

Nikamwita Blessing, nikamfundisha wimbo ule, akaimba juu. Mektrida nikamlaza chini yake, kama unavyotandika godoro chini ya shuka. Mbili zikawa moja. Ikawa sauti ambayo mji huu haujawahi kuisikia.

Blessing hakuwa mjinga.

"Anko, huyu mama anayeimba chini yangu ni nani?"

"Ni wewe mwenyewe. Nimeizidisha sauti yako tu."

"Mimi siwezi kuvuta pumzi hivyo. Huyu anavuta pumzi kama anaumwa."

"Wewe imba. Mambo ya mashine niachie mimi."

Wimbo ukatoka. Wiki tatu ukapigwa kila duka, kila kinyozi. Shemeji yangu Gerson, mdogo wake Mektrida, akanipigia kutoka Mwika.

"Shemeji, mama hali chakula. Amesikia wimbo sokoni, amekaa chini hapo hapo kwenye ndizi za watu. Anasema ni Mektrida anayeimba."

"Ni mshiriki wangu, Blessing. Ana sauti inayofanana."

"Inayofanana?"

"Ndiyo."

"Haya. Mimi si jaji."

Akakata.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili niliutoa mbele ya nchi nzima, Jumamosi ile.

Fainali ilifanyika hapa Moshi, ukumbi umejaa hadi watu wamekaa kwenye ngazi. Ronald alikuwa ameamua Blessing aimbe kwa pleibeki, yaani sauti zote ziwe zimesharekodiwa na yeye afungue mdomo tu. Nilikataa. Nikasema mwacheni aimbe mwenyewe, akikosea akosee kwa haki. Ronald akacheka.

"Mzee baba, wewe kaa kwenye kiti. Huku nyuma tuachie wenye elimu yake."

Sawa. Wenye elimu yake wakafanya.

Blessing akapanda jukwaani na gauni la bluu. Ubeti wa kwanza akaufuata kwa mdomo vizuri. Ubeti wa pili nikaona midomo inachelewa nyuma ya wimbo. Ilipofika "Mama usifunge mlango", akashusha maiki hadi kiunoni. Akafunga mdomo. Akasimama hivyo, anatazama spika.

Sauti ikaendelea.

Binti amefunga mdomo na wimbo unaimba. Halafu mtu mmoja akapiga mluzi, wakaanza kucheka, wengine wanazomea, "Pleibekiii! Rudisheni viingilio!"

Katikati ya kelele hizo akasimama mama mmoja safu ya tatu, mwenye kitenge cheusi, mkono juu kama mwanafunzi anayemwita mwalimu.

"Mektrida! Niko hapa, mwanangu! Niko hapa!"

Mama Tereza. Mama mkwe wangu. Gerson alikuwa amemleta na mimi sijui.

Kamera zote zikamgeukia. Na mimi kwenye kifaa cha sikioni nasikia Ronald ananipigia kelele: "Ongea! Sema ni sauti ya Blessing, ilirekodiwa kwa tahadhari kwa sababu anaumwa mafua. Sema sasa hivi, Primus, au hicho kiti usikione tena!"

Nikachukua maiki.

"Watazamaji, tulieni. Sauti mnayoisikia ni ya Blessing. Ilirekodiwa kwa tahadhari. Binti anaumwa mafua."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Mama Tereza alinitazama, mkono bado uko juu. Halafu akaushusha polepole, akajifunika kitenge kichwani, akatoka. Gerson nyuma yake.

Blessing nilimkuta nyuma ya jukwaa amekaa juu ya sanduku la nyaya.

"Umeniua," nikamwambia.

"Anko, nimechoka kuimbiwa na mtu nisiyemjua. Kila nikifungua mdomo yeye anatangulia. Hata nyumbani namsikia." Akanikazia macho. "Yule mama amemtaja jina. Ni nani?"

Nikaondoka.

Tangu siku hiyo mimi pia namsikia. Nikiosha vyombo. Nikiwa kwenye foleni ya benki. Si wimbo, ni ile pumzi ya kabla ya wimbo.

Jumatatu Ronald aliniita hotelini. Ameweka karatasi mezani. Imeandikwa kwamba sauti zote za wimbo ule ni za Blessing, na nikisema kinyume kwa mtu yeyote, ujaji basi, na studio waliyonikopesha mitambo inafungwa.

"Saini hapa. Halafu yule bibi tumtulize. Nyie Wachaga si mna lile jani lenu la kuombea msamaha? Mpelekee. Nitakupa kijana wa kamera, itatoka poa sana, watu watalia."

Nikamtazama. Anazungumzia isale.

Kwa asiyejua, isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu hadi hamwezi kuongea, unalikata, unalifunga fundo, unampelekea. Hata kama ulimuulia ndugu, akiliona hana ruhusa ya kukufukuza. Lakini na wewe unayelipeleka una masharti yako. Ronald hakuyajua, na mimi nilijifanya nimeyasahau.

Nikasaini. Kamera nikaikataa, hilo tu ndilo nililoweza. Nikapanda Mwika Jumatano asubuhi na jani langu ndani ya koti la ujaji.

Gerson alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akaniona, akachomeka panga kwenye mgomba.

"Karibu, mheshimiwa jaji. Leo unakuja kutupa alama ngapi?"

"Shemeji, nimekuja kwa mama."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akaona ncha ya jani. Akacheka, cheko baya.

"Isale unalibeba mwenyewe? Kama mtu anayetoka gengeni na mchicha? Mzee wa kukutangulia yuko wapi? Au huko kwenye televisheni mnapeleka hivi?"

Ni kweli. Isale hupelekwa na mzee, wewe unabaki nyuma. Lakini mzee gani angenibebea? Wazee wote wa ukoo wetu walinisikia Jumamosi.

"Mwache aingie," sauti ya mama ikasema kutoka ndani.

Nikaingia, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Amekonda. Sahani ya mtori wa ndizi iko mezani, imeganda, ina utando juu. Nikamtolea jani kwa mikono miwili. Akalipokea. Moyo wangu ukatulia, nikasema afadhali, yameisha.

"Nimelipokea," akasema. "Sasa taja kosa."

"Mama, nimekosa kupiga wimbo uliokuumiza bila kukujulisha kwanza."

Akaniangalia. Akanyoosha mkono, jani likabaki hewani kati yangu na yeye. Halirudi kwangu, haliendi kwake.

"Primus. Mimi nimeshapokea majani matatu katika maisha yangu. Moja la mtu aliyechoma nyumba ya baba yangu. Alilitaja kosa lote, mpaka kiberiti alikokipata. Jani hili halipokei nusu. Ukinidanganya nikiwa nimelishika, hatutaumia wawili tu, wataumia na wasiozaliwa. Taja."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ronald. Nikaitoa, nikaizima.

Ndugu msomaji, nilikuwa na miaka hamsini na moja. Kiti kile ndicho kitu pekee ambacho dunia ilinipa kikiwa na jina langu juu yake. Nililipenda lile jina, lilikuwa linawaka taa.

"Ni yeye, Mama," nikasema. "Ni Mektrida anayeimba. Nilikuta sauti yake kwenye mashine, nikaichukua, nikamtandika chini ya binti wa watu, nikanyamaza. Na Jumamosi nilikukana mbele ya watu. Wakubwa waliniamrisha, lakini mdomo ni wangu."

Nje, Gerson, aliyekuwa amerudi kukata majani, akaacha.

Mama Tereza alifunga vidole juu ya jani. Hakulia. Akavuta sahani ya mtori, akala kijiko kimoja baridi, akameza kwa shida.

"Nilijua," akasema. "Sikio la mzazi halifanani na la watu wa sokoni. Sasa niambie jingine. Aliimba lini?"

"Zamani, Mama. Kabla ya kupasuliwa."

"Lini?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia." Akaweka kijiko. "Mimi nilimlisha miezi saba. Nilimgeuza kitandani kama mtoto. Kila siku nikamwomba, niite mama, mara moja tu, hata kwa kunong'ona. Akawa anaandika: haitoki. Na wimbo ule unasema mama usifunge mlango. Mlango gani? Zamani hizo nilikuwa na mlango gani wa kumfungia? Twende ukaangalie."

Tukateremka wote watatu. Kufika Majengo ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Kufuli la studio bado ni langu, karatasi ya Ronald ilikuwa haijafika huko.

Nikawasha kompyuta. Nikafungua ile folda. Safari hii nikaangalia tarehe.

Nilidhani sijaona vizuri. Nikavaa miwani.

3 Machi 2022. Saa saba na dakika kumi mchana.

Siku nne kabla hajafa.

"Mashine inaweza kukosea tarehe," nikasema, na sauti yangu nikaisikia iko mbali.

"Soma kwa nguvu," Mama akasema.

Nikasoma.

Halafu nikaelewa ule mkwaruzo mwishoni mwa kila mstari. Ile niliyoiita hisia, niliyoisifia kwenye televisheni, niliyowaambia watoto waige. Kilikuwa kidonda. Mke wangu aliimba juu ya kidonda, na mimi nikakipa alama kumi.

"Alhamisi ile mimi nilikuwa Mwika," Mama akasema taratibu, kama anayehesabu. "Tulikuwa na mazishi. Ndiyo siku pekee niliyotoka pale wodini. Gerson. Nilikuacha wewe."

Gerson alikuwa ameegemea mlango.

"Nilichelewa, mama. Nilifika saa tisa. Nikamkuta amelala."

"Na?"

"Viatu vyake vilikuwa na vumbi."

"Viatu vya mgonjwa asiyetoka kitandani?"

"Nilimuuliza mkuu wa wodi. Akanijibu mgonjwa hajatoka, nisimfundishe kazi. Nikamuuliza dada Mektrida mwenyewe, akageukia ukutani. Kesho yake hali ikawa mbaya. Ningesema nini, mama? Niseme vumbi?"

Mnaona? Wakubwa tena. Mtu anatolewa wodini na koo limeshonwa, anavuka mji mzima, anarudishwa, na mwenye daftari la wodi anaandika yupo. Kama si mimi wa kuuliza, angeuliza nani? Lakini mimi nilikuwa Dar nawahukumu watu pumzi.

"Nani alimfungulia hapa?" Mama akauliza.

"Funguo zilikuwa mbili. Wa kwangu ulikuwa Dar. Wa pili ulikuwa kwenye mkoba wake."

"Na mashine hii aliijua?"

"Hapana, Mama. Hakuwahi kuigusa. Lazima mtu mwingine alikaa hapa nilipokaa mimi."

Sasa sikieni kosa langu kubwa, kosa la kazi. Prodyuza hasikilizi kichwa cha faili. Tunaangalia mchoro wa sauti kwenye kioo, pale mwanzoni ambapo watu wanakohoa na kusogeza viti tunakata, tunatupa. Ni takataka. Nilikata kichwa cha faili ile bila kukisikiliza. Lakini nilikata kwenye nakala. Faili lenyewe lilikuwa zima, liko mbele yangu, na mwanzoni kulikuwa na vilima vidogo vidogo vya sauti kama dakika nzima kabla ya wimbo kuanza.

Nikapandisha sauti hadi mwisho. Nikabonyeza.

Kiti kinaburutwa. Mtu anakohoa, kikohozi kile cha Mektrida, nilikijua, mama akashika meza. Maji yanamiminwa kwenye kikombe.

Halafu sauti ya mwanamume. Ya chini, imetulia, kama ya mtu aliye kwake.

"Usiogope. Ukichoka tunaacha."

Kisha Mektrida. Anaongea. Miezi saba, na anaongea, kwa sauti kama karatasi inayochanwa.

"Primus akisikia, atajua?"

Yule mwanamume akacheka kidogo, bila ubaya.

"Atajua nini? Huyo hata wewe hatakujua. Haya, vuta pumzi. Moja, mbili, tatu."

Na wimbo ukaanza.

Nikasimamisha. Nimewapigia besi waimbaji wote wa mji huu, na maprodyuza wote nimefanya nao kazi. Mtu akisema "haloo" kwenye simu namtaja jina na kabila. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Na tena. Huyu simtambui. Gerson akatikisa kichwa kabla hata sijamuuliza.

Mama Tereza hakuwa anaangalia kompyuta. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Primus," akasema, "huyo mwanamume ni nani?"